Uvimbe kwenye ubongo: kusubiri, kuchukua kinyama cha kupima, kupasua au mionzi? Tulivyolinganisha njia moja na nyingine

Kaka yangu alikuwa anapiga pasi shati la kazini pale mkono wake wa kulia ulipoanza kurukaruka wenyewe. Alinigeukia aniite, jina langu likamtoka vipande vipande, akaanguka. Nilipopata akili ya kuinua pasi, shati lilikuwa na alama ya kahawia mgongoni, umbo kamili la pasi, na mwenye shati yuko sakafuni anakoroma. Jioni hiyohiyo kipimo cha CT kilionyesha kivuli upande wa kushoto wa ubongo. Alikuwa na miaka 38, na hata kichwa hakuwahi kulalamikia.

Kulipokucha kila mtu katika familia alikuwa na uamuzi wake, na hakuna wawili waliokubaliana. Mama hakutaka kusikia neno kisu. Mjomba alitaka apasuliwe siku hiyohiyo, "kitolewe chote, tulale." Wifi yangu alikuwa amekesha akisoma kuhusu mionzi isiyohitaji kufungua kichwa, na tayari ameipenda. Mimi nilitaka mtu aniambie tu ni ipi sahihi. Kila mmoja alikuwa anaipima njia yake kwa jinsi inavyomtisha, na hofu haina kipimo: kisu kitamtisha mama hata kikiwa ndicho salama kuliko vyote.

Daktari kijana wa zamu ndiye aliyetupa mizani nyingine. Alisema kila njia mtakayotajiwa, iulizeni swali moja: tukiacha kuifanya kwa miezi 3, nini kitabadilika, na mgonjwa atapoteza nini? Kisha geuzeni: tukiifanya kesho, atapoteza nini? Ndiyo mizani ninayoitumia hapa chini.

Kwanza, yale yasiyo na mjadala

Mgonjwa anayetapika asubuhi huku kichwa kikizidi kumuuma, anayeamshwa kwa shida, anayepooza upande ndani ya siku chache, au aliyeshikwa na kifafa kilichopita dakika 5, huyo hana cha kulinganishiwa. Anapelekwa dharura. Uvimbe ukiziba njia ya maji ya ubongo, shinikizo hupanda, na madaktari huweza kulazimika kuyatoa maji hayo kabla hata ya kujua uvimbe ni wa aina gani.

CT na MRI nazo si za kuchagua moja. CT ni ya dakika chache na huona vizuri damu na mifupa, ndiyo maana hutangulia. MRI huchukua nusu saa au zaidi ndani ya mashine inayogonga kama fundi bati, lakini ndiyo inayoonyesha mipaka ya uvimbe, hasa ikipigwa kabla na baada ya kudungwa dawa ya gadolini. Tiba isichaguliwe kwa CT peke yake. Na daktari akiagiza pia picha ya kifua na tumbo, hajapotea njia: kwa watu wazima, uvimbe uliosafiri kutoka mapafu, titi, figo au ngozi huonekana kwenye ubongo mara nyingi kuliko ule uliozaliwa humohumo, na uvimbe uliosafiri una hesabu zake.

Kuna dawa moja inayovuruga hukumu ya familia, nayo ni deksamethasoni. Kaka aliianza siku ya kwanza. Siku ya tatu maneno yalikuwa yamerudi, na mjomba akatangaza amepona. Hakuwa amepona. Dawa hii hupunguza maji yaliyojaa kuuzunguka uvimbe, uvimbe wenyewe uko palepale. Pia humnyima mtu usingizi, humpa njaa, hupandisha sukari na hubadili tabia. Saa tisa usiku nilimkuta kaka anapanga upya vitabu vyake vyote kwa rangi ya majalada, ana furaha ambayo sikuielewa. Usimwachishe mgonjwa ghafla hata kama anaonekana mzima, maana mwili uliozoeshwa dawa hiyo huwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe; hupunguzwa kidogokidogo. Pale madaktari wanaposhuku limfoma ya ubongo, yaani saratani ya chembe za kinga, mara nyingi huizuia dawa hii hadi kinyama kichukuliwe, kwa sababu inaweza kuufanya uvimbe usinyae na majibu ya maabara yasieleweke.

Kusubiri au kupasua

Kusubiri kuna jina baya. Linasikika kama kukata tamaa, au kama hospitali inakufukuza kistaarabu. Lakini kwa uvimbe fulani ndiyo tiba nzuri kuliko zote.

Chukua meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaoufunika ubongo. Ndio unaoongoza kati ya uvimbe unaozaliwa ndani ya kichwa, na mwingi ni wa daraja la 1, maana yake unakua polepole na si saratani. Wengi huugundua kwa bahati, wamepigwa picha baada ya ajali au kwa kizunguzungu kisichohusiana nao. Mdogo, hausukumi kitu, mwenyewe hana dalili. Hapo uliza swali la miezi 3. Tukiacha kuupasua, kuna uwezekano mkubwa hakuna kitakachobadilika. Tukiupasua kesho, tunamwingiza mtu mzima katika hatari ya kutoka damu, maambukizi na kifafa ili kumwondolea kitu kilichokuwa kimelala. Anayefuatiliwa hupigwa MRI nyingine baada ya miezi michache, kisha kwa vipindi virefu zaidi, na uvimbe ukianza kusogea mjadala hufunguliwa upya. Gharama ya njia hii iko kichwani kwa namna nyingine: wiki moja kabla ya kila picha nyumba nzima hailali.

Usidanganyike tu na neno "si saratani". Uvimbe mpole uliokaa pabaya, kwa mfano karibu na shina la ubongo au juu ya mshipa wa macho, huweza kudhuru kuliko mkorofi aliyekaa pembeni. Mahali ni nusu ya habari.

Upo pia uvimbe wa tezi ya pituitari unaomwaga homoni ya prolaktini. Huu kwa kawaida haukimbiliwi kwa kisu wala mionzi; vidonge vya kabagolini huusinyaza. Nautaja kwa sababu nimekutana na familia iliyokuwa inajiandaa kwa upasuaji mkubwa, kumbe kipimo cha damu kilitosha kuonyesha njia.

Kaka hakuwa katika kundi hili. MRI yake ilionyesha glioma, uvimbe unaoota kutoka kwenye chembe za ubongo wenyewe, na tayari ulikuwa umempa kifafa. Glioma haina ganda. Miezi 3 ya kusubiri ingekuwa miezi 3 ya kuishi na kitu ambacho hatukijui jina.

Kuchukua kinyama au kuufungua wote

Hapa ndipo tulipokwama siku nyingi, na ndipo familia nyingi hukwama.

Biopsi ni tundu dogo kwenye fuvu, sindano inaongozwa na picha hadi ndani ya uvimbe, kinatolewa kinyama cha ukubwa wa punje, basi. Mama aliipenda kwa sababu ni ndogo. Na kweli kuna wagonjwa inaowafaa kuliko kitu kingine: uvimbe ulio katikati kabisa mwa ubongo, uvimbe ulioenea pande zote mbili, mtu dhaifu asiyeweza kuhimili saa nyingi mezani, au pale inaposhukiwa limfoma, ambayo hutibiwa kwa dawa na kuitoa kwa kisu si lengo.

Upungufu wake ni mitatu. Haipunguzi mzigo: uvimbe uliokuwa unasukuma unaendelea kusukuma. Nayo hutoboa, kwa hiyo damu inaweza kuvuja ndani, ingawa si mara nyingi. Wa tatu ndio uliotufikirisha. Glioma si tofali la udongo mmoja. Kona moja inaweza kuwa daraja la 2, kona ya jirani daraja la 3 au 4, na sindano ikitua kwenye kona tulivu mgonjwa anapewa jina la upole asilostahili.

Upasuaji wa kufungua fuvu hutoa nyama nyingi kwa maabara, hupunguza mgandamizo palepale, na kwa glioma, kadiri sehemu kubwa inavyotolewa bila kuharibu kazi za ubongo, ndivyo mgonjwa kwa kawaida anavyopata muda mrefu zaidi. Shikilia maneno "bila kuharibu". Mjomba alipomwambia daktari kitolewe chote, alijibiwa kwamba "chote" maana yake ni kile kinachoonekana kwenye MRI. Mizizi isiyoonekana huwa imeshapenya nje ya kivuli, ndiyo maana mionzi na dawa hufuata. Kumkatia mtu sehemu ya kuzungumzia ili kufukuza mizizi ambayo hata hivyo itabaki ni biashara ya hasara.

Uvimbe wa kaka ulikuwa umelala jirani na maeneo ya lugha. Yeye ni mwalimu. Wiki nzima tulikuwa tumebishana mbele yake kama vile hayupo, mpaka daktari wa upasuaji alipotunyamazisha na kumuuliza yeye: kipi hukubali kukipoteza? Akajibu, taratibu, kwa sababu maneno bado yalikuwa yanamchelewa: "Mkono nitauzoeza. Maneno yakienda, nitafundisha nini?"

Jibu hilo ndilo lililochagua. Tuliletewa njia ambayo awali ilitutisha kuliko zote, kupasuliwa akiwa macho. Ubongo wenyewe hausikii maumivu; kinachouma ni ngozi ya kichwa na utando, navyo hutiwa ganzi. Mgonjwa hulazwa kwa dawa mwanzoni, huamshwa katikati, kisha huonyeshwa picha azitaje huku daktari akigusa sehemu moja moja kwa umeme mdogo. Akikwama, pale hapakatwi. Kaka anasema alitaja kiatu, ngazi, ndoo, halafu ukaja mwavuli. Aliuona, alijua unatumika wapi, jina halikutoka. Umeme ulipoondolewa, likatoka. Kipande kile cha uvimbe kiliachwa, na hakuna anayejuta.

Akiwa na usingizi kamili asingetaja mwavuli, na hilo ndilo tofauti yote. Kwa uvimbe ulio mbali na lugha na mwendo, nusu kaputi ya kawaida inatosha, wala hakuna haja ya kumwamsha mtu. Upo pia msaada mwingine kwa glioma zile kali: mgonjwa hunyweshwa dawa iitwayo 5-ALA saa chache kabla, na chini ya taa ya buluu uvimbe hung'aa rangi ya waridi, daktari akaona mpaka ambao jicho la kawaida lingeupita. Uliza kama hospitali inacho. Uliza pia daktari hufanya upasuaji wa aina hii mara ngapi kwa mwaka. Mwenye uzoefu hakasirikii swali hilo.

Wiki 3 za kwanza alizungumza vibaya kuliko kabla ya kupasuliwa, kwa sababu ubongo ulivimba. Tulikuwa tumeonywa, na bado tulilia. Baadaye maneno yakarudi.

Kisu au mionzi ya kulenga

Hii ndiyo aliyoipenda wifi, na nitakuwa mfupi kwa sababu kwetu haikuwa ya kushindania. Lars Leksell, daktari wa Uswidi, ndiye aliyeipa jina mwaka 1951: miale mingi dhaifu inakutana kwenye nukta moja, nukta ile inapata dozi kubwa na njia iliyopita miale inapona. Hakuna mkato. Kikao kimoja, au vichache, na mgonjwa mara nyingi analala kwake.

Inashinda pale uvimbe ni mdogo, kwa kawaida usiozidi sentimita 3 hivi, wenye mpaka unaoonekana: uvimbe mchache uliosafiri kutoka saratani ya kwingine, meninjioma iliyojificha pasipofikika, uvimbe wa mshipa wa kusikia. Inashindwa pale unapohitaji nafuu ya haraka, maana uvimbe hautoki, husimama au husinyaa kwa miezi. Wala haikupi kinyama cha kupeleka maabara. Kama hujui ni kitu gani, mionzi ya kulenga inapiga kitu usichokijua.

Kwa uvimbe uliosafiri, uliza kwa nini umependekezewa mionzi ya ubongo mzima badala ya hii. Panapokuwa na uvimbe mwingi sana sababu huwepo. Lakini ya ubongo mzima hugusa kumbukumbu zaidi, na swali hilo lina haki ya kujibiwa.

Baada ya majibu: tiba ndefu au fupi

Usichague dawa kabla majibu ya vinasaba hayajatoka. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 hautosheki na hadubini: kuna uvimbe unaoonekana mtulivu kwenye kioo, vinasaba vikisomwa unahesabiwa glioblastoma, glioma kali ya daraja la 4. Kungoja majibu hayo kwa wiki mbili tatu kuliniudhi kuliko upasuaji. Wa kaka ulitoka astrositoma, aina ya glioma, daraja la 3 yenye mabadiliko ya kinasaba kiitwacho IDH, ambayo ni habari bora kuliko daraja hilohilo bila mabadiliko hayo. Ungekuwa daraja la 2, kungekuwa na kidonge cha kuuliza: vorasidenibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2024 kwa walio na mabadiliko ya IDH baada ya upasuaji, huweza kuahirisha mionzi.

Kwa glioblastoma, mpango unaotumika zaidi ulichapishwa mwaka 2005: mionzi vipindi 30 ndani ya wiki 6 pamoja na vidonge vya temozolomidi, kisha vidonge peke yake kwa mizunguko. Waliopata vyote viwili waliishi kwa wastani wa kati miezi 14.6, wa mionzi pekee 12.1. Wastani wa kati ni mstari unaokata kundi nusu kwa nusu, nusu waliuvuka. Baada ya miaka 2 walikuwa hai wagonjwa 26.5 katika kila 100, dhidi ya 10.4. Tofauti ya miezi miwili na nusu ukiitazama juujuu ni ndogo. Ukitazama hao wa miaka 2, ni zaidi ya maradufu. Kwa hiyo ukisomewa namba moja, omba na ya pili. Uliza pia kipimo cha kinasaba cha MGMT, kwa sababu kinaashiria nani atanufaika zaidi na vidonge.

Kwa mzee wa miaka 65 na kuendelea kuna njia fupi, vipindi 15 ndani ya wiki 3, na utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuongeza temozolomidi kulipeleka wastani wa kati kutoka miezi 7.6 hadi 9.3. Ukiweka wiki 6 na wiki 3 kwenye mizani ya mtu mwenye miezi michache, wiki 3 za kutokwenda hospitali ni uzito wa kweli. Ningekuwa mimi, kwa mzee dhaifu ningeanza kuulizia fupi.

Na tiba shufaa isiwekwe mwisho wa orodha kama mlango wa kutokea. Wanaoshughulikia maumivu, usingizi, kichefuchefu na hofu wanaweza kuitwa siku ya kwanza, tiba nyingine zikiendelea.

Kumwambia au kumficha

Siku 4 tulimwambia kaka ni "damu iliyoganda". Mama ndiye aliyeshauri, kwa huruma. Kumficha kulitupa utulivu sisi. Yeye alikuwa amemwona daktari akionyesha skrini na sote tukitazama chini. Tulipomwambia alisema alijua tangu jioni ya kwanza, alikuwa anatungoja. Lakini kumwambia si kummwagia takwimu zote. Yeye hakutaka namba, alitaka mpango. Wifi alitaka namba. Kila mmoja alipewa alichoomba. Watoto waliambiwa mambo matatu tu: baba ana uvimbe, hauambukizi, hakuna aliyeusababisha.

Hospitali ya mbali au ya karibu

Tulikuwa tunaitafuta hospitali moja bora ya kufanya yote, kumbe maswali yalikuwa mawili. Upasuaji ni siku moja na hutegemea sana mikono na vifaa, kwa hiyo hapo umbali una haki ya kuvumiliwa. Mionzi ya kawaida ni kila siku ya kazi kwa wiki nyingi. Kaka alipangiwa vipindi 33, na mtu aliyechoka kwa mionzi akisafiri nusu siku kwenda na nusu kurudi huanza kuruka vipindi. Tulipoligawa hivyo ubishi wa mwezi mzima uliisha jioni moja. Alipasuliwa mbali, akapigwa mionzi karibu.

Kilichobaki kilikuwa cha mikononi mwetu: nakala ya picha zote kwenye sidii, ripoti ya maabara yenye vinasaba, ripoti ya upasuaji, na karatasi ya dawa yenye tarehe za kupunguza deksamethasoni. Nilivibeba mwenyewe kwenye begi. Hospitali ya pili iliposema mafaili bado hayajafika, nilifungua zipu.